"Pesa Yako Iko Tayari, Bonyeza Hapa": Kunyamazisha Matangazo Yanayoruka Kwenye Kompyuta

Mama alishuka Garsen mwendo wa saa tano asubuhi, laptopu ikiwa imefungwa ndani ya leso kama mtoto mchanga. Alikuwa ametoka Ozi alfajiri: mashua mpaka Kipini, kisha gari la kupitia Witu, Gamba na Minjila mpaka mjini. Aliingia saiba, akaiweka mashine mezani, akamwambia kijana wa pale, "Mwanangu, hii ina jini. Inazungumza yenyewe."

Nami nilikuwepo. Tulikuwa Garsen wiki hiyo kwa mafunzo ya mawakala, na nilikuwa nimeingia saiba kuchapisha karatasi za mazoezi. Kijana alipoiwasha laptopu hatukungoja hata dakika. Kule chini, pembe ya kulia ya skrini, kikaruka kisanduku: kompyuta yako ina virusi vitano. Kabla hakijapotea, cha pili: umechaguliwa, pokea zawadi yako. Cha tatu kilikuwa na picha ya msichana aliyevaa nusu. Mama akageuza uso. "Hiyo ndiyo inayoniaibisha mbele ya wazee wa kikundi," akasema.

Pengine unajiuliza haya yanahusu nini na pesa za simu. Yanahusu, tena sana. Mama huyu ni katibu wa kikundi cha wakulima wa maembe, na kilichompeleka Garsen si aibu ya picha tu. Ni shilingi 5,350 za kikundi zilizotoka kwenye simu yake kwa sababu ya kisanduku kama hicho.

Kwa mtu asiyeijua Ozi, ni kijiji cha Wapokomo kilicho karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini. Ndizi, mpunga, maembe, ndiyo maisha ya huko. Miaka hii maji ya chumvi yanapanda mto maji matamu yanapopungua, na kuna mashamba ambayo miembe imekauka imesimama. Kwa hiyo miti iliyobaki inahesabiwa, na kila kreti inayokwenda Malindi au Mombasa inaandikwa. Katibu anaandika jioni kwenye laptopu ya kikundi: nani ameleta kreti ngapi, mnunuzi amelipa ngapi, mafuta ya mashua yamekula ngapi. Intaneti anaitoa kwenye simu yake kwa hotspoti. Malipo yanaingia kwenye laini hiyo hiyo.

Siku ya tukio alikuwa anangoja malipo ya mnunuzi yaliyochelewa. Kisanduku kikaruka, safari hii kwa Kiswahili: ruzuku ya wakulima, pesa yako iko tayari, bonyeza hapa. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, una rangi za bendera na picha ya shamba. Ukamwomba namba ya simu. Akaiandika. Sekunde chache, simu yake ikatoa lile dirisha la kuomba PIN.

"Nikajua ndiyo pesa inaingia," alituambia.

Akaweka PIN. Shilingi 1,450 zikatoka. Ukurasa ukamwambia hiyo ni ada ya usajili, bado ada ya kufungulia, na simu ikaomba PIN tena. Akaweka. Shilingi 3,900. Ndipo ukurasa ukaanza kuzunguka, kuzunguka, na ruzuku haikuonekana mpaka leo.

Sasa hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyo mbele. Kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji PIN. Mtu akikutumia pesa, inaingia hata kama simu umeiacha jikoni na wewe uko shambani. PIN ni ya pesa inayotoka: kutuma, kulipa, kutoa kwa wakala, na pia kuangalia mambo ya akaunti yako mwenyewe. Tena lile dirisha linaloruka kwenye simu halifichi kitu. Limeandikwa kiasi, na limeandikwa jina la anayelipwa. Mama alipoletewa, lilisema alipe shilingi 1,450 kwa biashara fulani yenye jina la Kiingereza lisilo na habari yoyote ya kilimo. Hakulisoma. Alikuwa na haraka, jua linazama, chaji ya laptopu imebaki kidogo, na moyo ulikuwa umeshaenda kwenye ruzuku. Simlaumu hata kidogo. Wale jamaa wanaiuza haraka hiyo.

Pia angalia hili: hakuna aliyeiba PIN yake. PIN aliiweka kwenye simu yake mwenyewe, mahali panapofaa. Tumezoea kuwaambia wateja wasimpe mtu PIN, na ni kweli, lakini siku hizi mwizi haitaki PIN. Anataka wewe uiweke.

Jini lilipoingilia

Fundi wa duka la jirani alikuwa ameshaitazama laptopu siku iliyotangulia, kwa picha aliyotumiwa ya WhatsApp, na akasema Windows imechafuka, ifutwe yote iwekwe upya, shilingi 2,500. Kijana wa saiba akacheka. Akamuuliza mama swali moja: "Nani mwingine anaitumia hii?"

Ikatoka kuwa Jumamosi na Jumapili laptopu hulala kwa mweka hazina, na mweka hazina ana mtoto wa kidato cha pili, na mtoto ana timu Uingereza. Basi. Mtoto alikuwa anatafuta mahali pa kutazama mpira bure. Kurasa za namna hiyo unazijua: unabonyeza pembetatu ya kucheza, badala ya mpira kinatokea kisanduku juu karibu na pale pa anwani, kina vitufe viwili, "Allow" na "Block". Chini yake ukurasa umeandika kwamba ubonyeze "Allow" kuthibitisha wewe si roboti. Mtoto akathibitisha. Mechi nyingine, ukurasa mwingine, akathibitisha tena.

Kitufe hicho hakina uhusiano wowote na roboti. Ni ruhusa ya arifa. Ukikibonyeza umeiambia kompyuta: tovuti hii inaweza kunitumia ujumbe wakati wowote, hata nikiwa nimeifunga, hata nikiwa ninafanya kazi nyingine. Arifa zenyewe si uchawi, barua pepe huzitumia, magazeti huzitumia. Lakini tovuti hizi zimegeuza ruhusa hiyo kuwa ubao wa matangazo, na anayelipa zaidi ndiye anayebandika. Leo virusi vya uongo, kesho kamari, keshokutwa ruzuku ya wakulima.

Historia yake ina kichekesho. Mtu aliyeandika programu ya mwanzo ya kufungua tangazo kwenye dirisha lake lenyewe ni Mmarekani, Ethan Zuckerman, miaka ya 1990 akiwa kampuni ya Tripod. Kampuni ya magari ilikuwa imelalamika kwamba tangazo lake limetokea kwenye ukurasa wa mambo machafu, ikaonekana suluhisho ni tangazo likae dirisha lake, lisishikane na ukurasa. Mwaka 2014 aliandika makala ya kuomba radhi kwa ulimwengu. Huyo huyo ndiye mmoja wa waanzilishi wa Geekcorps, shirika lililopeleka mafundi wa kompyuta Ghana, kwa hiyo tusimhesabu mtu mbaya. Yale madirisha ya zamani vivinjari vilishayazuia kitambo. Hata Internet Explorer ya Windows XP iliwekewa kizuizi mwaka 2004. Ndiyo maana wauza matangazo wakahamia kwenye arifa: mlango wa mbele umefungwa, wakagundua ukimwomba mwenye nyumba vizuri, atakufungulia mwenyewe.

Kwanza jua yanatoka wapi

Kabla ya kufuta chochote, fanya alivyofanya kijana yule. Tazama tangazo linapotokea wapi, kisha funga kivinjari chote na ungoje kidogo.

Kama linatokea kwenye pembe ya chini kulia, nje ya ukurasa, na ukilitazama vizuri lina jina dogo la tovuti pamoja na jina la Chrome au Edge, hiyo ni arifa. Karibu laptopu zote nilizoonyeshwa safari hiyo tatizo lilikuwa hili, na tiba yake haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa chungu.

Kama linatokea ndani ya ukurasa ambao unajua hauna matangazo, au ukitafuta kitu Google unapelekwa kwenye mtafutaji mwingine usiyemjua, shuku kiendelezi, yaani kale kaprogramu kadogo kanakoshikamana na kivinjari.

Kama kivinjari kimefungwa kabisa na bado yanaruka, au yanaanza tu ukiwasha mashine, kuna programu iliyowekwa ndani ya Windows yenyewe. Ila angalizo: Chrome wakati mwingine huendelea kufanya kazi chinichini ukishaifunga. Ndani ya "Settings", sehemu ya "System", kuna swichi ya kuiruhusu iendelee baada ya kufungwa. Izime kabla hujaamua kwamba tatizo ni la Windows.

Kufunga mlango wa arifa

Nitataja maneno ya Kiingereza kama yalivyo kwenye skrini, maana kompyuta nyingi huku kwetu zimewekwa hivyo. Chrome pia ina Kiswahili, ukipenda unaweza kuibadilisha.

Njia ya mkato: pale juu unapoandika anwani ya tovuti, andika chrome://settings/content/notifications kisha ubonyeze Enter. Njia ndefu ni vitone vitatu vya pembeni juu, "Settings", "Privacy and security", "Site settings", halafu "Notifications". Utaona orodha ya tovuti ulizozipa ruhusa. Laptopu ya mama ilikuwa na kumi na moja. Majina yenyewe hayasomeki, herufi na tarakimu zimerundikwa tu, kama mtu aliyelala juu ya kibodi. Pembeni ya kila moja kuna vitone vitatu. Bonyeza, uchague "Block". Unaweza pia kuchagua "Remove", lakini ukiiondoa tu, siku ukirudi kwenye tovuti hiyo itakuomba tena. "Block" inaifungia.

Hapo hapo juu ya ukurasa kuna chaguo la kuzikataza tovuti zote zisitume arifa. Kwa kompyuta ya kikundi, ya ofisi, ya shule au ya zahanati, mimi ningelichagua bila kufikiri mara mbili. Unapoteza nini? Labda arifa ya barua pepe, na barua pepe utaifungua mwenyewe.

Kwenye Edge anwani ni edge://settings/content/notifications na mambo yanafanana. Kwenye Firefox nenda "Settings", "Privacy & Security", shuka mpaka "Permissions", pale penye "Notifications" ufungue mipangilio yake, ufute tovuti usizozijua na uweke alama kwenye kisanduku cha kuzuia maombi mapya.

Simu ya Android yenye Chrome ina orodha hiyo hiyo, ndani ya "Settings" za Chrome kwenye "Site settings". Kama simu yako inapiga mlio usiku kukuambia umeshinda gari, tazama huko kwanza kabla hujalaumu mtandao wako.

Kijana alipomaliza ya kumi na moja tulingoja. Dakika mbili. Tano. Kimya. Mama akaisogelea skrini, akaigusa, kama anayehofia kuamsha mtu.

Viendelezi na programu za kudandia

Viendelezi vinatazamwa kwa kuandika chrome://extensions pale pa anwani, au edge://extensions kwa Edge. Usichokijua na hukukiweka, bonyeza "Remove". Usiogope kuharibu kitu. Ukiondoa kimakosa kilicho kizuri unaweza kukirudisha. Vinavyoleta shida mara nyingi vina majina ya kusaidia: cha kushusha video, cha kugeuza PDF, cha kutafuta kuponi.

Programu za Windows zina tabia ya kudandia. Unapakua kitu cha bure, unabonyeza "Next", "Next", "Next", na ndani ya "Next" mojawapo umekubali na mgeni wa pili na wa tatu. Ofisi ulipe hakuna, mtu analeta Office ya wizi kwenye flashi, na flashi inaleta familia yake. Fungua "Settings" za Windows, "Apps", kisha "Installed apps" (kwenye Windows 10 ni "Apps & features"). Panga kwa tarehe ya kuwekwa. Kumbuka shida ilianza lini, utazame kilichoingia siku hizo, ukiondoe.

Baada ya hapo fungua "Windows Security", ambayo tayari iko ndani ya Windows na hailipiwi. Kwenye "Virus & threat protection" fungua "Scan options", uchague "Full scan". Iache ifanye kazi, itachukua muda, na kama unategemea sola ianze asubuhi. Kwenye "App & browser control" kuna kizuizi cha programu zisizotakikana, kinachoitwa "Potentially unwanted app blocking"; hakikisha kimewashwa. Ukitaka na jicho la pili, AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure na haina mambo mengi, ila ipakue kwa tovuti yao wenyewe. Usiipate kupitia tangazo! Nimemwona mtu anatafuta dawa ya matangazo, akabonyeza tangazo la kwanza la dawa, akapata ugonjwa mwingine.

Vikishindikana vyote, "Reset settings" ya Chrome hurudisha kivinjari kilivyokuwa mwanzo. Alamisho na manenosiri yaliyohifadhiwa hubaki. Kufuta Windows yote kwa shilingi 2,500 ni hatua ya mwisho kabisa, na kabla yake uwe umeshahifadhi daftari za kikundi kwenye flashi.

Kuhusu vizuia matangazo: kwenye Firefox, uBlock Origin inafanya kazi vizuri na ni ya bure. Kwenye Chrome toleo linalofaa sasa ni uBlock Origin Lite. Faida yake kwa mtu anayetumia hotspoti ya simu haiko kwenye usalama tu, iko kwenye bando. Kila tangazo lenye picha na video linakula MB zako ulizozinunua kwa jasho. Nakubali kwamba kuna tovuti za habari zinazoishi kwa matangazo ya halali, na sisi wenyewe hutangaza. Tovuti unayoipenda unaweza kuiruhusu peke yake.

Na kompyuta ya zamani? Windows 7 Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na Chrome mpya haiingii humo tangu 2023. Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi mashine inakufa siku hiyo, lakini mashimo mapya hayazibwi. Kompyuta ya namna hiyo itumie kuandika hesabu. Mambo ya pesa fanyia kwenye simu iliyosasishwa.

Skrini ikifungwa na "Microsoft" akapiga kelele

Liko tangazo moja la kuogofya kuliko mengine. Skrini yote inajaa, rangi nyekundu au buluu, sauti inasema kompyuta imefungwa, usizime, piga namba hii sasa. Namba ni ya tapeli. Microsoft wenyewe wanasema ujumbe wao wa hitilafu hauna namba ya simu hata siku moja. Bonyeza Esc kwa kushikilia, kisha Alt na F4 pamoja. Ikikataa, Ctrl, Shift na Esc pamoja zitafungua "Task Manager"; chagua kivinjari, "End task". Ukifungua tena na kivinjari kikikuuliza kama kirudishe kurasa za awali, katalia. Hata ukizima kwa kitufe cha umeme, afadhali hivyo kuliko kupiga ile namba, kwa sababu wakikupata kwenye simu watakuomba uweke programu ya kuwaruhusu waitawale kompyuta yako wakiwa mbali, na hapo barua pepe, manenosiri, taarifa za benki, vyote viko wazi.

Kama umeshalipa

Mama alifanya jambo moja sawa, na lilimsaidia. Usiku ule ule, badala ya kulia peke yake, alizitafuta zile SMS mbili za malipo na akapiga huduma kwa wateja ya mtandao wake. Shilingi 3,900 zilikuwa bado hazijatolewa upande wa pili; zikazuiwa, zikarudi baada ya siku chache. Zile 1,450 zilikuwa zimeshakwenda.

Kwa hiyo muda ndio kila kitu. Usizifute SMS. Kwa wateja wa M-Pesa, ujumbe wa malipo unaweza kuutuma kwa 456 kuomba urejeshaji; kwa mitandao mingine piga namba ya huduma iliyo kwenye kadi ya laini yako au ndani ya programu, si namba uliyoipata kwenye ukurasa wa intaneti. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 peke yake, kwa hiyo ukipigiwa na namba nyingine ikijidai ni wao wanataka kukusaidia kurudisha pesa, kata. Matapeli wanapenda kurudi kwa mtu ambaye wamemwibia juzi.

Kisha nenda kituo cha polisi na maandishi yako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ipo tangu 2018, na udanganyifu wa namna hii ni kosa chini yake. Hata kama hukutegemea kukamatwa mtu, ile namba ya taarifa ya polisi ina kazi yake, hasa kama pesa si zako peke yako.

Na malipo ya serikali yakikuletea wasiwasi, kumbuka tangu 2023 huduma za eCitizen hulipiwa kwa Paybill moja, 222222. Ruzuku ya serikali haitolewi kwa wewe kulipa kwanza kwenye biashara usiyoijua. Muulize chifu, muulize afisa kilimo wa wadi. Ni bure na ana kwa ana.

Laptopu moja, mikono mingi

Kikundi hakiwezi kumnyima mtoto wa mweka hazina mpira, na hata kikimnyima atapata pengine. Njia ya heshima ni kumfungulia akaunti yake. Windows inaruhusu: "Settings", "Accounts", uongeze mtumiaji mwingine, umwache kuwa "Standard user". Huyo hawezi kuweka programu kwenye mashine nzima bila nenosiri la msimamizi, na ruhusa za arifa anazozitoa kwenye kivinjari chake hazimfikii katibu. Ofisini nako ni vivyo hivyo: wafanyakazi wote wasiwe wasimamizi wa kompyuta, hata meneja. Meneja ndiye anayebonyeza zaidi, kwa uzoefu wangu.

Jambo jingine, na hili ni la vyama vyote vinavyokusanya pesa kwa laini ya mtu mmoja. Pesa ilipopotea Ozi, maneno yalianza siku ile ile. Wapo waliosema katibu amekula, ruzuku ni hadithi. Mama aliniambia hilo lilimuuma kuliko shilingi zenyewe; amekuwa katibu tangu kikundi kinaandika kwenye daftari la mistari. Kama pesa ingekuwa kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji watu wawili kuidhinisha, lile dirisha la PIN lingemfikia na mtu wa pili, na pengine mmoja wao angelisoma jina. Ulizia mtandao wako au benki yako kuhusu akaunti za vyama.

Kabla ya kuondoka saiba aliomba kitu kimoja zaidi: zile SMS mbili zichapishwe, na taarifa ya akaunti ya mwezi mzima, ikionyesha 3,900 zilivyotoka na zilivyorudi. Alitaka kuwasomea wanachama mkutanoni, mstari kwa mstari. Kijana alimtoza za kuchapisha tu. Ya laptopu akakataa.

"Ukija tena niletee ngowe mbili, mama."

"Nitakuletea kumi," akasema, akiifunga laptopu ndani ya leso. "Lakini kwanza nionyeshe tena pale penye 'Block'. Mweka hazina nataka nimwonyeshe kwa mkono wangu."

Akaifungua tena, na safari hii akabonyeza yeye.